Msimu wa Msindikizaji Mkuu

Jumatatu, 3 Julai

Msimu umeanza, na mimi kama kawaida yangu nimeuanza kwa kutapika. Kila mwaka najiambia tumbo litazoea, na kila mwaka siku ya kwanza nainamia ubavu wa boti huku Nahodha akiniuliza kama samaki wameshukuru. Mtu akishika usukani miaka mingi huanza kudhani bahari ni sebule yake.

Tuko watatu kama mwaka jana. Nahodha anaendesha. Daktari, ambaye si wa sindano bali wa nyangumi, anasimama mbele na darubini yake na kutuamuru sote kwa sauti ya upole. Mimi ni wa kamera. Kila nyangumi wa nundu ana madoa na makovu yake upande wa chini wa mkia, na hakuna mikia miwili inayofanana. Akizama, mkia unapanda juu, nabonyeza, na tunajua nani amekuja. Wanakuja kwenye maji yetu ya uvuguvugu kupandana na kuzaa, kisha wanarudi kwenye baridi kula. Mwaka huu Daktari anataka jambo moja tu: namna madume wanavyomgombea jike.

"Kwa hilo si mngebaki bandarini tu," Nahodha akatia neno. "Mngeona bure, bila kuchoma mafuta."

Nimerudi nimekauka chumvi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa ameshanipashia maji ya kuoga.

Jumatano, 5 Julai

Upepo. Hatukutoka. Nimeshinda nikisafisha lenzi na kugombana na bomba la jikoni linalovuja. Bomba limeshinda.

Jumapili, 9 Julai

Leo niandike habari za wazee wawili, maana naona na nyumbani nako msimu umeanza.

Mama ana miaka sitini na sita. Baba alifariki tukamzika, miaka miwili baadaye ndoa yangu nayo ikafa bila hata kuzikwa, nikarudi hapa na sanduku langu. Tangu hapo tuko wanawake wawili: yeye na cherehani yake sebuleni, mimi na kamera zangu chumba cha nyuma. Kaka yangu yuko mji mwingine na anatupenda kwa simu. Maisha yetu ni mazuri. Hilo nalisema wazi, kwa sababu watu wanapenda kutuonea huruma.

Sasa tangu mwanzo wa mwaka Mama anatembelewa. Wa kwanza ni Mzee Bima, anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa wakala wa bima, amestaafu, lakini mdomo haujastaafu. Wa pili ni Fundi Saa, mgane, mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na posta. Mama alimpelekea saa ya ukutani, ikapona, naye akaanza kuja kuiangalia kama bado ni nzima. Saa gani hiyo inayohitaji daktari kila Jumapili?

Leo wamekutana. Mzee Bima alisikia bomba linadondoka akasema lazima nati imelegea. Fundi Saa akasema, hapana, ni mpira umekwisha. Basi wote wawili wakavua makoti na kuingia chini ya sinki kwa mpigo, tukabaki tunaangalia makalio mawili ya heshima yakisukumana. Mmoja akapiga kichwa. Sijui yupi, maana wote walisema "Si kitu." Mama alikuwa anakunywa chai yake kimya, ila niliona mabega yanatikisika.

Bomba limepona. Ulikuwa mpira.

Hata hivyo kura yangu ni ya Mzee Bima, na sababu nitaiandika hapa ambapo hakuna wa kunicheka. Mzee Bima akimwoa Mama, Mama anabaki hapa hapa, mlango wa tatu. Fundi Saa anafunga kibanda mwisho wa Septemba na kuhamia kwenye nyumba aliyojenga kwao, safari ya siku nzima kwa basi. Huyo akimwoa, atamchukua. Na mimi nitabaki na nani?

Jumatano, 12 Julai

Leo tumewapata. Nahodha ndiye aliyeona kwanza, kwa mbali, mvuke wa pumzi unaruka mmoja baada ya mwingine kama masufuria yanayochemka. Akapiga kelele, "Posa hiyo!" Sasa makundi ya namna hii tunayaita hivyo, posa, hata Daktari ameshindwa kutuzuia.

Niliwahi kuona fujo, lakini si hii. Nyangumi saba, kila mmoja mkubwa kuliko boti yetu mara mbili au tatu, wanakimbia upande mmoja bila kupumzika. Daktari alitueleza huku akiandika: mbele kabisa ni jike, yeye ndiye anayepanga mwendo na njia. Anayemganda ubavuni ni msindikizaji mkuu. Nyuma ni wapinzani, wanaoitaka nafasi ya msindikizaji. Mpinzani akikaribia, msindikizaji anajiweka katikati, anapuliza ukuta wa mapovu, anavimbisha koo ili aonekane mkubwa, na ikishindikana anapiga mkia au kumlalia mwenzake kichwani ashindwe kupumua. Nundu zao zilikuwa zimechubuka mpaka damu.

"Na jike anasema nini?" nikauliza.

"Hatujui. Sisi sote tunaangalia ugomvi."

Katikati ya vurugu hiyo palikuwa na mmoja niliyempenda palepale. Mkubwa, mkia wake umekatika ncha ya kushoto, hamwachi yule wa mbele hata kidogo. Wenzake wakija, anawageuzia ubavu na kuwazuia, kisha anarudi na kulipitisha pezi lake refu mgongoni mwa yule jike, taratibu. Nikasema huyu si dume. Huyu ni jike mtu mzima anayemlinda binti wa watu dhidi ya wahuni. Nimempa jina: Shangazi.

"Hatujaona tumbo lake," Daktari akasema. "Kwa mgongo tu huwezi kujua."

Kamera ya majini, ile ya kufunga kwenye fimbo, imeingia maji tangu mwaka jana na kipuri hakijafika. Kwa hiyo tumbo hatutaliona karibuni. Mimi sihitaji tumbo. Nina macho.

Jumanne, 18 Julai

Nyangumi mama wawili na watoto wao, wametulia. Mkate tulioubeba umelowa.

Jumamosi, 22 Julai

Shangazi tena! Ncha ya mkia haipo, ni yeye bila shaka. Safari hii yuko na jike mwingine, mwenye doa jeupe karibu na pezi la mgongo, na madume watatu nyuma wanamwaga povu. Shangazi anafanya kazi yake vilevile. Nilimpiga picha mpaka kadi ikajaa.

Daktari akaniuliza, kwa ule upole wake unaochoma, "Mbona kila tunapomwona yuko na jike tofauti?"

"Kwa sababu ni shangazi wa wote."

Nahodha alicheka mpaka akaachia usukani. Acha wacheke.

Jumapili, 30 Julai

Mzee Bima alikuja na machungwa na shinikizo lake la damu, akatuhadithia vyote viwili. Nilimwekea kiti karibu na Mama. Fundi Saa alipofika nikamwekea kile cha mlangoni chenye mguu mbovu. Alikigeuza, akakaza skrubu kwa ncha ya kisu, akakaa. Kisha akamwambia Mama jambo kwa sauti ya chini na Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Baba alipofariki.

Nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Ijumaa, 4 Agosti

Fundi Saa alinisimamisha leo nikipita posta. Alikuwa na kile kioo chake cha jichoni, akakivua ili aniangalie vizuri.

"Mwanangu, mwambie mama nitakuja kesho saa kumi, nina neno naye. Sitaki kumpigia simu, neno lenyewe si la simu."

"Sawa, mzee. Nitamwambia."

Nimefika nyumbani, Mama anakata kitambaa cha sare za shule, ameuma pini mdomoni. Aliniuliza habari za baharini. Nikamwambia za baharini.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimemtoa Mama. Nilimwambia twende tukachague vitambaa mjini, ni siku nyingi hatujatembea, na tukitoka huko tupite kwa binamu yake. Alifurahi maskini, akavaa viatu vya kutokea. Tumekula, tumecheka, tumerudi jioni tumebeba mafurushi.

Mzee Bima alikuwa amekaa nje kwake. Mama alipoingia ndani yeye akaniita pembeni.

"Fundi alikuwa hapa. Kashati kapya, kiatu kimeng'arishwa. Kasimama na kufuli lenu mpaka nikamwonea aibu. Mlijua anakuja?"

"Hatukujua."

Akaniangalia kidogo, akasema haya, akaendelea kumenya chungwa lake.

Hakuna aliyeumia. Mtu akikuta mlango umefungwa anarudi siku nyingine.

Jumatano, 9 Agosti

Mvua ya rasharasha, wimbi refu. Hakuna cha maana.

Jumatatu, 14 Agosti

Posa kubwa kuliko zote. Daktari alihesabu akaacha. Nahodha alizima injini tukawaacha wapite, na boti ilitikisika kwa mawimbi yao tu. Dume mmoja aliruka mzima mzima akamwangukia mwenzake mgongoni, mshindo wake niliusikia kifuani. Jike hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anaogelea tu, mbele, kama mtu anayekwenda dukani na nyuma yake watu wanapigana.

Shangazi hakuwepo. Nilimkosa.

Jumapili, 20 Agosti

Jumapili ya tatu Fundi Saa haji. Mzee Bima alikuja, akaongea, akaondoka mapema, kana kwamba kwa kukosa wa kushindana naye hamu imemwisha.

Mama alikuwa anapindia shati. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Fundi kapotelea wapi siku hizi?"

"Labda ana kazi nyingi."

"Labda."

Akashona mstari mzima umekwenda upande. Mama yangu, ambaye hapindishi mstari hata umeme ukikatika! Akaufumua kimya kimya, uzi kwa uzi. Sikupenda kuangalia.

Nimekwenda chumbani nimejaribu kufurahi. Nilichokitaka ndicho nilichokipata, sivyo? Fundi kajitoa mwenyewe. Mama yuko sebuleni, mlango umefungwa, chai ipo. Lakini nyumba ina baridi ambayo si ya hewa.

Alhamisi, 24 Agosti

Kipuri kimefika. Kamera ya majini imepona. Nahodha amesema sasa tutazifunua siri za Shangazi, nikamwambia achunge mdomo.

Jumatatu, 28 Agosti

Niandike yote leo leo.

Tulitoka asubuhi bahari ikiwa imelala. Hatukwenda mbali tukaona mvuke. Madume watano na jike mmoja, na ubavuni mwa jike, ncha ya mkia haipo: Shangazi. Nilishangilia kama mwenda wazimu. Nahodha akasogea kwa pembeni kama inavyotakiwa, kamwe si kwa mbele wala katikati, kisha akazima injini.

Hapo jike akageuka. Akaacha njia yake akaja moja kwa moja kwetu, akazama, na hakutokea upande wa pili. Alikuwa amesimama chini ya boti yetu. Niliinama nikaona weupe wa mapezi yake, kulia na kushoto, boti iko katikati kama mtoto amebebwa mgongoni. Daktari alinong'ona tusiguse kitu. Nahodha aliachia usukani akachuchumaa.

Wakaja wote. Maji yalichemka pande zote. Walikuwa wanamtafuta, wanapiga mikia, wanapuliza mapovu, mmoja akatugusa na boti ikainama mpaka chupa ya chai ikabingirika. Mimi nilishika fimbo ya kamera kwa mikono miwili na kuitumbukiza, na macho yangu yakawa kwenye kioo kidogo kinachoonyesha picha za chini.

Nilimwona Shangazi vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa anazunguka boti. Akija dume, anamziba. Lakini jike naye alijaribu kutoka mara mbili, mara kwa upande wa kushoto, mara kwa kulia, na mara zote mbili Shangazi alikuwa pale, amejilaza mbele yake, amevimba koo. Alikuwa anamzuia na yeye. Mwisho jike akashuka chini zaidi, akapita mbali, akaibukia nyuma yetu, na msafara wote ukamfuata. Shangazi alipogeuka kuwawahi, alipita mbele ya kamera chali.

Daktari alirudisha picha mara kadhaa. Akanionyesha: jike huwa na kinundu cha duara pale karibu na mkia, na yule wa chini ya boti alikuwa nacho. Shangazi hana.

"Dume," akasema. "Msindikizaji mkuu. Amekuwa ndiye kila mara."

"Shangazi kumbe ni mjomba!" Nahodha akapasuka kwa kicheko, nadhani kwa kuwa sote tulikuwa tumeogopa.

Mimi sikucheka. Nikasema, "Lakini alikuwa anamlinda. Mlimwona. Lile pezi lake mgongoni."

Daktari hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa. "Kwa nje kulinda na kuziba njia ni kitu kimoja," akasema. "Alikuwa analinda nafasi yake. Usione aibu, watu wengi wameandika 'jike' kabla yako."

Nikakaa kwenye sanduku la vifaa. Ikanijia yote kwa mpigo: kiti kibovu, vitambaa, kufuli, "labda ana kazi nyingi." Nilikuwa nahesabu nani na nani wanamgombea Mama, Mzee Bima au Fundi, kumbe msindikizaji mkuu ni mimi. Nimemganda ubavuni tangu mwaka gani, nawapulizia wenzangu mapovu usoni na kuyaita mapenzi. Ni mapenzi kweli, nampenda Mama kuliko kitu chochote. Lakini sikumuuliza anataka kwenda wapi. Nililia pale pale, mbele za watu, na Nahodha akanipa mkate kwa kuwa hakujua afanye nini.

Tulipofika bandarini sikupita nyumbani. Nilikwenda posta na chumvi yangu mwilini. Fundi Saa alikuwa ameshaanza kupanga vitu kwenye makasha.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia. Kwamba Mama hakujua. Kwamba sikumfikishia, na siku ile nilimtoa nyumbani makusudi. Yeye akavua kile kioo cha jichoni, akakiweka mezani taratibu kama kitavunjika.

"Mimi nilidhani nimejibiwa na kufuli."

"Kufuli lilikuwa langu, mzee. Nisamehe. Njoo Jumamosi hii, atakuwepo."

"Nani kasema nije?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa. "Basi siji. Kuzuiwa na wewe nimezuiwa, na kuitwa na wewe niitwe? Akiniita yeye, nitakuja hata sasa hivi."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Nikaenda nyumbani nikamwambia Mama, nikiwa nimesimama, maana sikuona kiti ninachostahili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkasi chini.

"Na huko kwa Fundi umekwenda kwa ruhusa ya nani?"

"Nilitaka kurekebisha, Mama."

"Umenifungia mlango, sasa umekwenda kunifungulia. Mimi ni nini humu ndani? Ni furushi?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Miaka yangu yote hii, mtoto niliyemzaa anakwenda kunipangia saa ya kuonana na watu. Toka, niache nishone."

Nikatoka.

Jumanne, 29 Agosti

Hatusemezani. Maji ya kuoga nimejipashia mwenyewe.

Alhamisi, 31 Agosti

Bado. Baharini pametulia. Nilipiga picha mikia mizuri sana na sikujali.

Jumamosi, 2 Septemba

Mama ametoka peke yake. Amevaa viatu vya kutokea na gauni la kijani alilojishonea mwaka juzi likakaa kabatini. Nilikuwa uani naanika nguo. Hakuniaga wala hakunificha. Mzee Bima alisimama mlangoni kwake akamwangalia mpaka akakata kona.

Alirudi jua linazama.

"Nimeongea na Fundi," akasema.

"Mmesema nini?"

"Nimesema nimeongea. Sikusema nitakuhadithia."

Lakini alisema nami. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 6 Septemba

Tumemwona Shangazi. Sijambadilisha jina, nimebadilisha tu alama ya jike kwenye picha. Alikuwa ameshikilia nafasi yake, amechubuka nundu zote, na dume kijana mwenye nguvu akawa anamsukuma na kumsukuma. Nilitegemea mwisho wa kutisha. Haukuwepo. Mara Shangazi akapunguza mwendo, akawaacha wakaenda, akabaki peke yake anapumua juu ya maji. Alipumua muda mrefu. Kisha akageukia upande mwingine akaondoka.

"Ndivyo wanavyofanya," Daktari akasema. "Hakuna anayekufa kwa hilo."

Ijumaa, 15 Septemba

Mama ameniita sebuleni, akafunika cherehani, ndipo nikajua ni jambo kubwa.

"Ninakwenda na Fundi," akasema. "Tutaandikishana hapa kwanza, kisha tunasafiri. Kaka yako nimeshampigia, amenipongeza kama nimefaulu mtihani."

Nilikuwa nimejipanga kusema maneno mazuri. Yakatoka mengine. "Mama, na mimi nitabaki na nani?"

"Hilo ndilo ulilotakiwa kuniuliza tangu mwezi wa saba."

"Ungenijibu nini?"

"Kwamba mimi pia naliogopa. Unadhani usiku silifikirii? Naliogopa sana." Alinishika mkono. Vidole vyake vina vidonda vidogo vya sindano, tangu niko mdogo vipo. "Lakini nikimkataa yule kwa ajili yako, nitakaa hapa nakuangalia na kukuhesabia niliyoyakosa. Siku moja chai itakuwa haina sukari na nitakutupia kikombe."

"Ningekikwepa."

"Ungekikwepa, ndiyo. Ila ningekitupa."

Tukacheka, tukalia, tukacheka tena. Nilimwambia nampenda Fundi, jambo ambalo ni uongo. Akaniambia hajaniomba nimpende, nimsalimie tu vizuri na nimpe kiti kizima.

Kwa hiyo alikuwa ameona kile kiti.

Jumapili, 24 Septemba

Wameandikishwa juzi ofisini, mbele ya karani mwenye mafua. Kaka alikuja amenenepa. Kila upande ulihitaji mashahidi wawili, na wa pili wa upande wetu, baada ya Kaka, alikuwa Mzee Bima, ndani ya suti, anaweka sahihi kwa mikogo kama zamani alivyowauzia watu amani ya moyo.

Leo alikuja kutusaidia kubeba cherehani mpaka kwenye gari la mizigo. Yeye na Fundi waliishika kila mmoja upande wake, na safari hii hakuna aliyegonga kichwa. Tulipobaki wawili nikamwomba msamaha, maana na yeye nilimtumia. Nilikuwa nimempanga kama kizuizi.

"Mimi?" akasema. "Binti yangu, nilijua tangu lile bomba. Mama yako alimwangalia yule kabla hajajua tatizo ni mpira."

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Nyumbani kwangu kimya. Hapa kulikuwa na chai na mtu wa kubishana naye." Akapangusa mikono yake. "Nimekosa vyote viwili kwa mpigo."

Msimu mzima nimemwita mdomo. Sikuwahi kumuuliza hali.

Jumatano, 27 Septemba

Wameondoka na basi la asubuhi. Fundi aliniambia, "Mwanangu, njoo wakati wowote, usisubiri kuitwa." Nikamwambia asante, baba. Neno lilitoka lenyewe, na sikulirudisha.

Ijumaa, 29 Septemba

Boti imepandishwa nchi kavu. Nyangumi wengi wameshaanza safari ya kurudi kwenye baridi. Daktari amenipa kazi ya kupanga picha mpaka mwaka mpya. Jioni Mzee Bima alikuja kubishana kuhusu bei ya bima ya boti, kitu ambacho mimi wala yeye hatuna. Nilifurahi sana.

Jumapili, 1 Oktoba

Mama amepiga simu. Nilishajiandaa kwa maswali: umekula, umefunga mlango, mbona sauti hivyo. Hakuuliza hata moja. Alikuwa anasimulia yeye, haraka haraka, anajikata mwenyewe kwa kicheko. Kwamba nyumba ya Fundi ina dirisha kubwa, na cherehani ameiweka hapo, na majirani wameshaleta nguo za kupunguza. Kwamba Fundi ana saa za ukutani kumi na moja na kila moja inalia kwa wakati wake, anazitia ufunguo zote ila hataki kuzilinganisha, amesema atalinganisha akiombwa vizuri. Nyuma yake nilimsikia mtu akisema kitu, na Mama akamjibu, "Hebu wewe ngoja, naongea na mwanangu!" kisha akacheka tena, kule kwao, kwa jambo lao ambalo mimi sikulisikia.

Nilikuwa nimekaa kitandani nimeshika simu kwa mikono miwili. Iliniuma. Naandika iliniuma, kwa sababu ni kweli. Na pia nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma.

"Haya, Mama," nikasema, "basi nenda, unaitwa, tutaongea..."

Alikuwa ameshakata.